Bajeti ya gari la sporti la kujiundia nyumbani: anzia siku ya kufunga namba, rudi nyuma

Wakuu, somo la leo ni fedha. Mtu akitaka kuunda gari la sporti nyumbani, swali lake la kwanza huwa: seti inauzwa kiasi gani? Swali hilo linakuja mapema mno. Bei ya seti ni bei ya chasisi, bodi na maboksi ya spea. Gari ni kitu kinachowaka, kinachosimama kwa breki zake, kilichopita ukaguzi na kufungwa namba. Kati ya hivyo viwili kuna fedha nyingi, na miradi mingi inayouzwa ikiwa nusu ilikwama humo humo. Kwa hiyo tutapiga hesabu kuanzia mwisho, siku ya kufunga namba, turudi nyuma mpaka boksi la kwanza.

Mfano wetu ni gari la aina ya Lotus Seven: wazi, jepesi, injini mbele, linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Colin Chapman alilitoa Uingereza mwaka 1957, na wengi walilinunua likiwa vipande kwa sababu gari la kujiunganishia lilikwepa kodi ya manunuzi iliyotozwa magari mapya. Mwaka 1973 kodi hiyo iliondolewa, VAT ikaingia, na mwaka huo huo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuliunda. Hadi leo ni miongoni mwa magari yanayoigwa sana na waundaji wa nyumbani. Ukiunda la aina nyingine, njia ya hesabu haibadiliki.

Hatua ya 1: Soma kanuni za ukaguzi kabla ya katalogi

Tafuta kanuni za nchi yako kuhusu magari yaliyoundwa na mtu binafsi, uzisome ukiwa na kalamu mkononi. Kila kanuni ina bei yake. Nchini Uingereza, kwa mfano, ukaguzi unaoitwa IVA unataka kingo za nje ambazo mtu anaweza kuzigusa ziwe zimeviringwa kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5. Ukisoma haraka unaona ni jambo dogo. Sasa zunguka gari kwa macho: vichwa vya bolti za saspensheni, mabano ya taa, ukingo wa madigadi, vioo vya pembeni. Kila kimoja kinahitaji kofia ya plastiki, mpira wa ukingo au spea nyingine kabisa. Hiyo ni fedha, na hakuna katalogi iliyoitaja.

Angalia pia kanuni za moshi. Sehemu nyingi kiwango hutegemea umri wa injini, kwa hiyo chaguo la injini linaweza kukulazimisha ununue katalisti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi) na sensa zake. Andika ada ya ukaguzi, ada ya kurudia ukikwama mara ya kwanza, gharama ya kulibeba gari hadi kituoni na bima ya siku hizo.

Hatua ya 2: Gari la kuchinja

Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa au kupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Seti nyingi zimechorwa kwa ajili ya gari fulani la kuchinja, yaani gari lililotumika unalolivua mitambo ili uiweke kwenye chasisi mpya. Mazda MX-5, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, inapendwa sana kwa sababu mpangilio wake ni ule ule: injini mbele, difu nyuma. Kampuni ya seti ya Factory Five ya Marekani ilijenga jina lake kwa kutumia mitambo ya Ford Mustang, na seti yao ya 818 ilichorwa kwa mitambo ya Subaru Impreza WRX. Nunua gari zima, usinunue injini peke yake. Gari zima linakupa injini, giaboksi, difu, shafti, habu, breki, stering, tangi, nyaya, geji na mamia ya bolti zenye saizi sahihi. Ukivinunua kimoja kimoja, utalipa bei ya gari mara kadhaa.

Likague likiwa bado linatembea. Bodi iliyooza au kugongwa nyuma haikusumbui, na ndiyo itakayoshusha bei. Kinachokuhusu ni mitambo na karatasi. Hakikisha muuzaji anakupa funguo zote. Magari mengi ya kuanzia miaka ya 1990 mwishoni yana mfumo wa kuzuia wizi unaounganisha ufunguo, swichi na kompyuta ya injini. Ukikosa kimojawapo injini haitawaka hata ikiwa nzima kabisa, na utalazimika kununua kompyuta nyingine ya kupangwa upya. Kabla ya kufungua waya wowote piga picha, na kila plagi ifunge lebo.

Ukimaliza kutoa unachohitaji, uza mabaki: milango, vioo, viti, taa, boneti. Kwenye bajeti yaandike kama mapato, ila uyahesabu kwa nusu ya unachotarajia, maana wanunuzi huja polepole na mabaki yanakula nafasi.

Halafu kuna tamaa ya injini kubwa. MX-5 ya kwanza ya lita 1.6 ilikuwa na nguvu za farasi takriban 115 kwenye gari la kilo 950 hivi, yaani farasi 120 kwa tani. Mitambo ile ile ukiiweka kwenye gari la aina ya Seven lenye kilo 575, unapata farasi 200 kwa tani bila kugusa injini. Wepesi umeshakulipia nguvu. Fedha ya injini kubwa peleka kwenye breki, shokapu na matairi.

Hatua ya 3: Iulize kampuni nini HAKIMO

Orodha ya vilivyomo utaipata kirahisi. Andika barua pepe uulize wazi: je, rejeta imo? Shokapu na springi? Bomba la ekzosi? Safu ya stering? Mikanda ya viti? Paipu za mafuta? Chasisi imepakwa rangi ya poda au ni chuma kitupu? Bodi ya faibaglasi ina rangi ndani ya jelikoti yake, yaani tabaka lake la juu linalong'aa? Jelikoti yenye rangi inaweza kukuondolea kabisa gharama ya mpiga rangi. Ukiagiza kutoka nje ya nchi, pata bei ya usafirishaji kwa maandishi. Bodi ni nyepesi lakini inajaza nafasi, na wasafirishaji hutoza kwa ukubwa wa mzigo.

Hatua ya 4: Vidogovidogo

Chukua gurudumu moja la mbele ufuate breki yake. Kuna kaliper na pedi zake, mpira mpya wa breki, washa za shaba za kuziba mafuta, bano la kushikia mpira kwenye chasisi, nati yake, kisha paipu ngumu ya milimita 4.75 inayokwenda hadi masta silinda, na klipu za kuishikilia njia nzima isitikisike. Ncha za paipu zinakunjwa midomo kwa kifaa maalumu. Nati zenye plastiki ndani hazirudiwi sehemu za hatari kama hizi, zinanunuliwa mpya. Hilo ni gurudumu moja. Fanya vivyo hivyo kwa mafuta, maji, klachi, umeme na ekzosi, utaona kwa nini ninavipa vidogovidogo fungu lake kwenye bajeti.

Nunua bolti, ribiti, klipu na klampu kwa pakiti. Bolti za saspensheni na mikanda ya viti zisiwe chini ya daraja 8.8, na hapo usitafute za bei nafuu.

Hatua ya 5: Zana na nafasi

Jeki, stendi nne imara, seti ya spana, toki renchi, drili, mashine ya ribiti, multimita. Winchi ya injini kodi au azima, maana utaitumia siku chache tu. Kama banda ni la kukodi, zidisha kodi kwa miezi unayodhani utatumia, halafu ongeza nusu yake.

Hatua ya 6: Panga manunuzi kwa wakati, si kwa hamu

Matairi mapya yanavutia, na wengi huyanunua mapema ili gari lionekane gari. Angalia ubavu wa tairi: kuna tarakimu nne, ambapo 2324 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi linazeeka hata likiwa limesimama bandani. Tumia rimu na matairi ya zamani ya gari ulilochinja kusukumia chasisi, mapya yanunue mwishoni. Betri nayo ikikaa bila kuchajiwa inakufa. Oili ya breki ya DOT 4 hufyonza unyevu wa hewa, hivyo kopo lililofunguliwa halihifadhiwi. Spea mpya zina waranti inayohesabiwa tangu siku ya kununua, na pampu iliyokaa kwenye boksi hadi waranti iishe haina wa kuirudishia.

Utaratibu mzuri ni huu: chasisi, saspensheni na stering hadi gari lisimame kwenye magurudumu, kisha breki na paipu za mafuta, kisha injini na giaboksi, maji na ekzosi, nyaya, bodi, viti na mikanda, matairi, mafuta yote, ukaguzi. Usinunue cha hatua ya mbele kabla ya kumaliza uliyopo, isipokuwa kipo nusu bei na hakizeeki.

Hatua ya 7: Mafungu 100

Chukua jumla ya fedha unayoweza kutoa bila kugusa ada za watoto wala chakula cha nyumbani. Tenga kwanza sehemu ya sita, usiiguse: hiyo ni akiba ya dharura. Kilichobaki kigawe mafungu 100. Mgawo ninaouamini kwa gari la aina hii ni: seti 40, gari la kuchinja na kukarabati mitambo yake 18 baada ya kuuza mabaki, vidogovidogo 12, viti na mikanda na umaliziaji wa bodi 9, matairi na rimu 8, zana 7, na usafirishaji, ukaguzi na usajili 6. Ukiagiza nje, fungu la mwisho litapanda na ushuru utaingia humo, basi punguza seti.

Kila risiti iingie kwenye jedwali siku hiyo hiyo, hata ya pakiti ya washa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi sina fedha ya mkupuo, nategemea mshahara. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana, ndugu. Kampuni kadhaa huuza seti kwa awamu: chasisi na saspensheni kwanza, bodi baadaye. Waulize mambo mawili kabla ya kulipa: jumla ya awamu zote inazidi kiasi gani bei ya seti nzima, na je, bei ya awamu zilizobaki imefungwa kwa maandishi? Weka fedha kila mwezi hata kama mwezi huo hununui kitu.

Swali: Nimepata mradi ulioachwa nusu, bei chee. Ninunue?

Jibu: Unaweza kuwa ndiyo njia nafuu kuliko zote. Nenda na orodha ya hatua ya 6 uweke alama kilichopo, kisichopo na cha kufungua upya. Namba ya chasisi ilingane na karatasi. Mipira ya mafuta na breki ihesabu kuwa imekufa. Nyaya alizoanza kuunganisha mtu mwingine bila mchoro, hesabu kuwa utazitoa zote. Ukijumlisha hayo na bei bado inavutia, nunua.

Swali: Vipi injini ya pikipiki kubwa? Naona ni nyepesi na rahisi.

Jibu: Ni nyepesi kweli na inafurahisha sana, lakini bajeti yake ina mitego. Pikipiki nyingi hazina gia ya nyuma, utainunua au kuiunda. Tena pikipiki hulala kwenye kona, gari halilali. Oili inasukumwa upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu inavuta hewa na beringi za injini zinaungua. Unahitaji sampu yenye vizuizi, au mfumo wenye tangi la oili la pembeni. Hesabu hivyo kwanza ndipo ulinganishe na injini ya gari.

Swali: Nikiuza baadaye nitarudisha fedha yangu?

Jibu: Usipange hivyo. Kwa kawaida anayeunda hutumia zaidi ya anachopata akiuza, hata kabla ya kuhesabu saa zake. Kinachosaidia bei ni risiti zote, picha za kila hatua na karatasi safi za usajili.

Swali: Najua kuchomelea. Nikiunda chasisi mwenyewe si nitaokoa fungu lote la seti?

Jibu: Utaokoa chasisi tu, dada. Ndani ya yale mafungu 40 kuna bodi, mikono ya saspensheni, shokapu na mabano mengi, na hivyo utavinunua bado. Ongeza chuma, gesi, meza iliyonyooka ya kujengea, na muda. Angalia pia kanuni za nchi yako kama zinakubali chasisi isiyo na kampuni nyuma yake. Kama uchomeleaji ndio unaokufurahisha, fanya, na nitafuatilia kazi yako kwa hamu.

Swali: Kazi ipi hasa nimlipe fundi?

Jibu: Alaimenti ya magurudumu. Stering isiyojirudisha katikati ni moja ya sababu zinazoangusha magari haya kwenye IVA, na vipimo vyake haviwezi kukadiriwa kwa jicho. Mpelekee gari likiwa na mafuta na maji yote, na mtu wa uzito wako akae kwenye kiti cha dereva wakati wa kupima, maana kwenye gari la kilo 575 uzito wa dereva unabadilisha vipimo. Omba karatasi ya vipimo hivyo uiweke pamoja na risiti.