Kuomba msimbo chanzo wa mfumo endeshi ulioulipia

Kabla hujaandika barua pepe kuomba msimbo chanzo (programu kama ilivyoandikwa na watengenezaji wake), jua unachoweza kudai. Windows sahau: Microsoft huonyesha msimbo wake kwa baadhi ya serikali na wateja wakubwa waliotia saini mkataba, na kuonyeshwa si kupewa. Apple huweka wazi XNU, kerneli (kiini cha mfumo) ya macOS. Madirisha na vitufe vilivyo juu yake hubaki siri yao.

Kazi iko kwenye simu za Android. Kerneli yake ni Linux, chini ya leseni ya GPL toleo la 2, la mwaka 1991, inayomtaka anayegawa programu atoe na msimbo wake. Ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, unakili toleo la kerneli herufi kwa herufi. Mimi huiandikia kampuni iliyotengeneza simu hivi: "Naomba msimbo chanzo kamili wa kerneli hii, pamoja na skripti za kuijenga, kwa mujibu wa kifungu cha 3 cha GPL toleo la 2." Skripti (maagizo ya kugeuza msimbo kuwa programu) zitaje kwa jina, maana ndizo "husahaulika" (sijui kwa nini!). Wakikutoza, iwe gharama ya kukutumia tu. Kama simu ilikuja na ahadi ya maandishi ya kutoa msimbo, hiyo hudumu angalau miaka 3. Programu yao ya kamera usiiombe, haimo kwenye leseni hiyo. Wakinyamaza, andika tena, safari hii kwa idara ya sheria.