Maji umeyachemsha, na kikombe je?

Karibu kila nyumba ninayopita hapa mtaani kwetu Dar es Salaam inachemsha maji ya kunywa. Nikiuliza yanachotwaje, naoneshwa ndoo na kikombe kimoja kinachozamishwa na baba, mgeni, na mtoto aliyetoka chooni sasa hivi, vidole vikiogelea humo humo. Mkaa umekwenda bure.

Kimelea cha kipindupindu hutoka kwenye kinyesi cha mtu na kuingia kinywani mwa mwingine. Njia ni hiyo, ila ina vichochoro vingi. London mwaka 1854, Dk. John Snow alionesha kwamba vifo vya mtaa wa Soho vilizunguka pampu moja ya maji, na mpini wake ukang'olewa. Sisi tungeng'oa mpini gani? Mlipuko ulioanza hapa Agosti 2015 ulisambaa mikoani hadi Zanzibar, na maji yetu mtu anayapata bombani, mwingine kisimani, mwingine kwa mkokoteni wa madumu. Kwa hiyo kazi inafanyika jikoni.

Hatua ya 1. Maji yakiwa na tope, yaache yatuame, kisha chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Kanga chakavu inafaa sana. Kuchuja peke yake hakutoshi.

Hatua ya 2. Chemsha mpaka yatokote kwelikweli, mapovu makubwa yakipanda, na yaendelee hivyo kwa dakika moja. Ukitumia dawa ya maji, fuata kipimo cha kwenye pakiti na usubiri dakika 30.

Hatua ya 3. Hapa ndipo tunapoanguka. Maji yaliyochemshwa hayana kinga. Mkono mchafu ukigusa, yamechafuka upya. Tafuta ndoo yenye koki na mfuniko. Huna? Dumu lenye mdomo mwembamba linatosha, kwa sababu mkono haupiti, unalazimika kumimina. Ukibaki na mtungi wa asili, weka kata yenye mpini mrefu, itundikwe ukutani, na isitumike kwa kazi nyingine. Chombo kioshwe kwa sabuni kabla ya kujaza tena. Kujazia maji mapya juu ya masalio ya juzi ni tabia ya kuacha leo.

Hatua ya 4. Nawa kwa sabuni na maji tiririka: ukitoka chooni, ukimsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Beseni moja la kunawia wageni kumi wa shughuli ni heshima, najua, lakini wa kumi ananawa uchafu wa tisa. Mimina kwa jagi.

Hatua ya 5. Choo kiwe na mfuniko, chakula kiliwe cha moto, matunda yamenywe nyumbani.

Maswali ya wanakikundi

*Dada, watoto wanakataa maji yenye dawa, wanasema yananuka Jiki.*
Baada ya zile dakika 30, yamimine toka jagi safi hadi jagi safi mara kadhaa, harufu itapungua. Usipunguze dawa.

*Mkaa umepanda, kuchemsha kila siku siwezi.*
Jua ni la bure, mama. Jaza maji maangavu kwenye chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili, zilaze juu ya bati juani saa sita mfululizo. Kukiwa na mawingu, ziache siku mbili. Siku ya mvua njia hii haifai.

*Mama mkwe anasema anayeharisha asipewe maji, tumbo lipumzike.*
Shikamoo yake mpe, ila hilo usimfuate. Kipindupindu kinaua kwa kukausha mwili, na mtu mzima anaweza kufa ndani ya saa chache. Mpe ORS, ile chumvichumvi ya pakiti ya kuchanganya na maji. Kama haipo: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Chumvi isizidi. Anyonyaye aendelee kunyonya. Choo kikiwa kama maji yaliyooshea mchele, nendeni kituoni mara moja huku akinywa njiani.

*Barafu za kwenye vifuko je? Si zimegandishwa?*
Baridi haiui vimelea hivi, inawahifadhia tu nafasi. Muulize muuzaji maji kayatoa wapi, akisitasita, umeshajibiwa.

*Kibuyu chirizi chetu, lile dumu la kunawia lenye tundu la kuchuruzisha maji, watoto wanakichezea, maji yanaisha kabla ya adhuhuri.*
Tundu ni kubwa. Badilisha dumu, toboa kwa msumari mwembamba. Kuchezea waache, mradi wanagusa sabuni. Na sabuni yenyewe itie kwenye soksi uifunge kwa kamba. Yangu ya kwanza ilibebwa na kunguru.