Jinsi ya kukisia kompyuta ya kesho kwa kupima kompyuta za jana

Ukitaka kukisia kompyuta ya nyumbani ya mwaka 2030 itakuwaje, weka kando matangazo ya kampuni. Chukua karatasi, kikokotoo cha simu na namba chache za zamani. Hesabu yenyewe ni ya dakika kumi tu. Kinachokula muda ni kutafuta pale itakapokudanganya.

Chagua kipimo kimoja kinachohesabika: RAM (kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi), kasi ya prosesa, ukubwa wa diski au bei. "Nguvu ya kompyuta" haihesabiki. Kisha linganisha mashine za daraja moja, kwa sababu kompyuta ya mezani ya 1984 na seva ya 2012 zitakupa namba isiyo na maana. Ni rahisi zaidi ukibaki kwa mtengenezaji mmoja. Macintosh ya kwanza, Januari 1984, ilikuwa na RAM ya KB 128. MacBook Air ya inchi 13 ya mwaka 2012, ile ya bei ya chini, ilikuwa na GB 4.

Kabla ya kugawanya, fanya vipimo vifanane. GB 1 ni KB 1,048,576, kwa hiyo GB 4 ni KB 4,194,304. Gawanya kwa 128 upate 32,768. Sasa igawanye 32,768 kwa 2, tena kwa 2, mpaka ufike 1. Utagawanya mara 15, maana yake RAM iliongezeka maradufu mara 15. Kama namba yako haigawanyiki sawasawa, bonyeza log ya namba hiyo kisha gawanya kwa 0.301, ambayo ni log ya 2. Kutoka 1984 hadi 2012 ni miaka 28. Ukiigawa kwa 15 unapata miaka 1.87 kwa kila maradufu, karibu sana na miaka miwili ambayo Gordon Moore, mmoja wa waanzilishi wa Intel, aliitaja mwaka 1975 alipokuwa akizungumzia idadi ya transista (swichi ndogo mno za umeme) kwenye chipu.

Kwenye intaneti kuna mtego mwingine wa vipimo: kasi hutajwa kwa biti (0 au 1 moja), faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde ilishusha kilobaiti 7 tu kwa sekunde, hata siku yake nzuri.

Wakishapata namba kama ile ya miaka 1.87, wengi husimama, wakauvuta mstari mbele na kutangaza utabiri. Jaribu uone. Kwa kasi ya miaka 1.87, MacBook Air ya 2024 ingekuwa na RAM ya zaidi ya GB 300. Kilichotokea ni kwamba Oktoba 2024 ile ya bei ya chini ilipandishwa kutoka GB 8 hadi GB 16. Hiyo ni maradufu mara mbili ndani ya miaka 12, yaani miaka 6 kwa kila moja. Kwa hiyo kila mara pima vipindi viwili, cha zamani na cha karibuni. Vikitofautiana hivi, mstari umepinda, na kazi yako ni kuuliza nini kimeupinda.

Mara nyingi ni ukuta wa kifizikia. RAM hutunza kila biti kama chaji ndani ya kapasita ndogo mno, na kadiri unavyozidi kuipunguza ndivyo inavyokuwa vigumu kuitunza chaji isivuje. Kasi ya prosesa iligonga ukuta wake waziwazi zaidi. IBM PC ya 1981 ilikwenda kwa MHz 4.77, prosesa ya Pentium 4 ya 2002 ilifika GHz 3.06 (GHz 1 ni MHz 1,000). Fanya hesabu ileile: maradufu mara 9.3 ndani ya miaka 21. Mtu aliyeunyoosha mstari huo hadi 2022 alipaswa kutarajia zaidi ya GHz 1,400. Mwaka huo prosesa za nyumbani zenye kasi kuliko zote zilikuwa bado chini ya GHz 6. Kosa liko kwenye joto. Robert Dennard wa IBM na wenzake walionyesha mwaka 1974 kwamba transista ikipungua, volti nayo inaweza kupunguzwa, hivyo joto halizidi. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 volti ilikataa kushuka zaidi kwa sababu umeme ulianza kuvuja, na kila GHz ya ziada ikawa joto tupu. Watengenezaji wakageukia viini vingi, yaani sehemu kadhaa za kukokotoa ndani ya prosesa moja. Prosesa za viini viwili ziliingia kwenye kompyuta za nyumbani mwaka 2005. Ukiuona ukuta, usiandike "maendeleo yatakoma". Andika pesa na akili vitahamia wapi.

Sababu ya pili ni uhitaji, na hii husahaulika. Kwa miaka mingi GB 8 zilitosha barua, video na kivinjari, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuongeza. Akili mnemba inayoendeshwa ndani ya mashine yenyewe imelibadili hilo. Hesabu yake ni rahisi: modeli ya vigezo bilioni 8 (namba ambazo modeli ilijifunza), kila kigezo kwa biti 4, inakula GB 4 za RAM kabla mfumo endeshi haujachukua fungu lake. Kwa biti 16 ni GB 16 nzima. Si ajabu Microsoft ilipotangaza Copilot+, daraja lake la kompyuta za akili mnemba, mwaka 2024 iliweka kiwango cha chini cha GB 16.

Baada ya namba, angalia maabara. Kitu kitakachojaa majumbani miaka kumi ijayo kwa kawaida kipo tayari, ila ni ghali na kibovu. Mtafiti Douglas Engelbart alionyesha kipanya hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Xerox Alto, kompyuta ya utafiti, ikawa nacho 1973. Macintosh ikakifikisha kwa watu wengi 1984. Ni miaka 16. Kwa hiyo tafuta kilichoanza kufanya kazi miaka kumi na zaidi iliyopita, mfano RISC-V, usanifu wa prosesa ulio wazi kwa yeyote kuutumia, ulioanza Chuo Kikuu cha Berkeley mwaka 2010. Kompyuta ya kwanta yenye chipu zinazopozwa karibu kabisa na sifuri halisi (baridi ya mwisho kabisa, nyuzi -273), iache nje ya sebule.

Orodhesha pia vilivyokufa, la sivyo utadhani kila kilichong'aa kilishinda. Diski za Zip za MB 100 zilitamba baada ya 1994, kisha CD za kuandikwa na flashi zikazizika.

Kwa msomaji anayenunua kompyuta ya mtumba Kariakoo au Nairobi, ukuta unaweza kuwa wa programu. Windows 11 rasmi haikubali prosesa nyingi za Intel za kizazi cha saba kurudi nyuma, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine bado ina nguvu, lakini imefungiwa mlango. Kabla ya kulipa, uliza kizazi cha prosesa, kama ina TPM 2.0 (chipu ya usalama ambayo Windows 11 huidai), na kama RAM imechomelewa kwenye ubao. Ikiwa imechomelewa, ulichonunua leo ndicho utakachokuwa nacho.

Andika utabiri kwa upeo, pamoja na tarehe. Kutoka GB 16 za 2024, kasi ya miaka 6 inatupa GB 32 mwaka 2030. Kasi ya zamani inatupa karibu GB 150. Sisi tunaegemea upande wa chini, tukiweka GB 32 hadi 48, kwa sababu vituo vya data vinagombania chipu zilezile na bei ya RAM ilipanda vibaya mwishoni mwa 2025. Bei ikishuka kabla ya 2028, rudia hesabu kuanzia hapo.