Daftari Moja la Ubora, Usalama na Mazingira katika Kiwanda cha Mbao

Kiwanda cha kuchana mbao, kiwe Mafinga au Makambako, hakihitaji mfumo mpya ili kulinda wafanyakazi na mazingira, iwapo tayari kinaandika mbao zilizopinda au kukatwa vibaya. Katika daftari hilohilo ongeza safu mbili: moja ya ajali pamoja na matukio ya kukoswakoswa, nyingine ya uchafuzi, yaani oili iliyomwagika, unga wa mbao uliorundikana na moshi wa mabanzi yanayochomwa. Andika saa, mashine na kazi iliyokuwa ikifanyika. Jina la mtu ni heri lisiwemo, kwa kuwa anayeogopa kukatwa mshahara hatasema kwamba nusura akatwe kidole. (Majeraha yanayopaswa kuripotiwa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yana utaratibu wake, nao ufuatwe.)

Mwisho wa mwezi hesabu ni mashine ipi imeandikwa mara nyingi zaidi, kisha kaeni na waendeshaji wake mkiulizana "kwa nini" hadi mfike kwenye chanzo. Tuseme mtu amejikata. Mkono uliteleza akisukuma gogo la msonobari. Alisukuma kwa nguvu kwa sababu msumeno ulikuwa butu. Haukunolewa kwa sababu hapakuwa na wa akiba. Na wa akiba haukununuliwa kwa sababu hakuna aliyekabidhiwa jukumu hilo. Msumeno huohuo butu ndio unaounguza kingo za mbao na kuongeza matumizi ya dizeli, hivyo chanzo kimoja kinajaza safu zote tatu.

Rekebisheni chanzo kwanza: ratiba ya kunoa, msumeno wa akiba, kinga juu ya meno yake na kijiti cha kusukumia. Msikimbilie kugawa glavu, kwani karibu na msumeno unaozunguka glavu inaweza kunaswa na kuuvuta mkono wote.

Vumbi nalo lipewe uzito unaostahili, maana vumbi la mbao husababisha saratani ya pua. Baridi ya Juni na Julai inapowafanya watu wafunge milango, lisifagiliwe likiwa kavu wala kupulizwa kwa kompresa. Linyunyiziwe maji kidogo, au livutwe kwa mashine.

Baada ya mwezi mwingine linganisheni safu zilezile. Matukio ya kukoswakoswa yakiongezeka mwanzoni, msiwabane walioyaandika. Yaelekea yalikuwepo tangu zamani, ila sasa watu wameanza kuyasema.