Kutafuta molekuli ndogo zinazoshika protini kwa NMR, bila kuhadaiwa na pH

Mwongozo huu ni wa HSQC, kipimo cha NMR (mwangwi wa sumaku wa viini vya atomi) kinachotoa kilele kimoja kwa karibu kila amino asidi ya protini; molekuli ikishika, vilele vya sehemu hiyo husogea. STD, kipimo kingine cha NMR kinachotazama molekuli ndogo badala ya protini, haihitaji isotopu na hutumia protini kidogo, lakini haikuonyeshi molekuli imekaa sehemu gani ya protini. Kama protini yako haizidi kDa 30 na E. koli wanaizalisha vizuri, lipia naitrojeni-15, isotopu ambayo HSQC huiona, ili protini izalishwe nayo.

1. Andaa protini ya µM 50 kwenye bafa (myeyusho unaozuia pH kuyumba) ya fosfeti yenye D2O (maji mazito) 10%. Kila tyubu ya mm 5 ipate µL 500.

2. Yeyusha molekuli kwenye DMSO (kiyeyushi) yenye dyuteri (hidrojeni nzito) hadi mM 100. µL 5 zikiingia kwenye tyubu unapata mM 1, na DMSO 1%.

3. Pima spektra (mchoro wa vilele) ya kulinganishia. Usitumie protini tupu, maana DMSO peke yake husogeza vilele. Tia kwenye protini µL 5 za DMSO ileile, bila molekuli.

Kisha pH, ambayo ndiyo mlaji mkuu wa muda. Molekuli nyingi za majaribio ni asidi au amini. Asidi ya mM 1 kwenye fosfeti ya mM 10, pH 7, huishusha pH kwa karibu 0.2, kwenye mM 50 haifiki hata 0.05. Vilele vya histidini (amino asidi ambayo chaji yake hubadilika karibu na pH hiyo) na vya majirani zake husogea kwanza, nawe unadhani umepata kitu. Dalili: asidi zenye maumbo tofauti kabisa zinasogeza vilele vilevile. Kwa hiyo tumia fosfeti ya mM 50, na upime pH ndani ya tyubu yenyewe kwa elektrodi nyembamba baada ya kila spektra inayotia shaka. Pima pia protini bila molekuli, pH ikiwa imeshushwa 0.2, uihifadhi spektra hiyo: kila “ugunduzi” unaofanana nayo utupe. Ukichanganya molekuli kadhaa kwenye tyubu moja ili kuokoa muda (mimi sipendi), asidi zao hujumlika, na DMSO vilevile.

4. Kwa kila kilele kokotoa √(ΔH² + (0.14 × ΔN)²), ambapo ΔH na ΔN ni jinsi kilele kilivyosogea upande wa hidrojeni na wa naitrojeni kwa ppm, kisha paka rangi kwenye muundo wa protini. Vilele vilivyosogea vikikusanyika sehemu moja, endelea. Vikitapakaa kote, rudi hatua ya 3.

Vilele vichache vikitoweka badala ya kusogea, usihuzunike: huenda molekuli inashika kwa nguvu zaidi. Vikififia vyote kwa pamoja, protini inagandamana.

5. Ongeza molekuli kwa mM 0.125, 0.25, 0.5, 1 na 2, DMSO ikibaki 2% katika tyubu zote, hata ile isiyo na molekuli. Mchoro wa kusogea kwa vilele dhidi ya kiasi cha molekuli usipoanza kulala, usiandike namba ya KD (kiasi cha molekuli kinachojaza nusu ya protini). Andika tu kwamba inazidi mM 2.