Jelibreki kwa iPod touch na iPhone za zamani: anzia kwenye chipu

Kabla hujatafuta programu yoyote, geuza kifaa chako usome mgongoni. iPod touch ninayosikilizia muziki kila siku ina maandishi madogo ya A2178, na hayo yananitosha. Ni ya kizazi cha saba, ilitoka Mei 2019, ina chipu ya A10, na mlango wa kuifanyia jelibreki, yaani kuondoa uzio wa Apple, hauzibiki. Wengi huanza kwa kuuliza iOS, yaani mfumo wa kifaa, ni toleo gani. Toleo lina nafasi yake na tutalifikia, lakini mwenye kuamua ni chipu.

Tarehe 27 Septemba 2019 mtafiti anayejiita axi0mX aliweka hadharani udhaifu alioupa jina checkm8. Udhaifu huo umo kwenye kodi ya kwanza kabisa ambayo chipu huisoma kifaa kinapowashwa, na kodi hiyo huchomwa ndani ya chipu kiwandani, haiandikiki upya. Apple wanaweza kutoa iOS mpya hata kila wiki, pale hawafiki. Zilizoguswa ni chipu za A5 hadi A11, yaani iPhone 4S hadi iPhone X na iPod touch za miaka hiyo. iPhone XS na XR za 2018, zenye A12, zilitoka zikiwa zimeshatibiwa. Kama mkononi una hizo au mpya zaidi, maelezo haya hayakuhusu, na anayekuahidi kuifungua kwa kubofya kiungo kimoja mwulize yeye anapata nini.

Niseme mapema, maana huulizwa kila mara: jelibreki huondoa uzio ambao Apple wameuweka ndani ya iOS, ukaweza kusakinisha programu zisizotoka App Store na kugusa mafaili ya mfumo. Haiondoi kifungo cha laini ya kampuni ya simu, na haiondoi kufuli la iCloud la mtu mwingine. Simu ya kuokota itabaki simu ya kuokota. Kuhusu sheria, Marekani iliruhusu rasmi mtu kufanya jelibreki kwenye simu yake Julai 2010. Ulipo wewe, soma sheria zako. Apple nao husema wazi kwamba wanaweza kukataa kukihudumia kifaa chenye programu wasizoziidhinisha. Kwa iPod iliyokwisha muda wa dhamana siku nyingi, hilo halininyimi usingizi.

Sasa toleo. Kama kifaa kiko kwenye iOS 12 hadi 14, chombo chako ni checkra1n, kilichotoka mwaka huohuo wa 2019, kinaishia 14.8.1. Humo ndimo wanamoangukia wenye iPhone 5s, iPhone 6 na iPod touch ya kizazi cha sita, ambazo hazikuvuka iOS 12. Kuanzia iOS 15 kwenda juu chombo ni palera1n. iPhone 6s, iPhone 7 na iPod touch ya kizazi cha saba zinaishia iOS 15, na iPhone 8 na X zinaishia 16. Vyombo vyote viwili vinatumia udhaifu uleule wa checkm8. Nitaeleza palera1n, kwa kuwa ndiyo wengi watakayoihitaji.

Kuna tahadhari kwa wenye A11, yaani iPhone 8, 8 Plus na X. Ukitaka jelibreki, lazima uondoe namba ya siri, na muda wote utakaokuwa ndani ya jelibreki hutatumia namba ya siri, alama ya kidole wala utambuzi wa uso. Kwenye iOS 16 ni kali zaidi: kama namba ya siri imewahi kuwekwa tangu kifaa kilipofutwa mara ya mwisho, itabidi ukifute chote kwanza ndipo uanze. Binamu yangu aliniletea iPhone X, "Kaka, nifanyie na hii." Ndiyo simu yake ya benki, ya kazi na ya picha za watoto. Nilimrudishia. Simu isiyo na namba ya siri, yenye pesa ndani, sitaki iwe mkononi mwangu wala mwake. A10 kushuka chini haina shida hiyo, na ndiyo maana napenda iPhone 7 na iPod touch kwa zoezi hili.

Usiandike jina la chombo kwenye gugo ukabofya tokeo la kwanza. Oktoba 2019, kabla checkra1n yenyewe haijatoka, watafiti wa usalama wa Cisco Talos walifichua tovuti iliyojiita checkrain, herufi "i" ikiwa mahali pa tarakimu 1. Aliyeingia aliwekewa kitu kwenye simu, kisha akapelekwa kwenye mizunguko ya matangazo na mchezo wa kamari, na mwisho wa yote hakuna jelibreki. Kanuni yangu ni fupi: kwa vifaa hivi jelibreki ya kweli hupitia kompyuta na waya. Ukiambiwa "sakinisha hizi apu mbili ili kukamilisha", funga ukurasa. Tovuti ya palera1n ni palera.in.

Kompyuta iwe Mac au ya Linux. Mwenye Windows hahitaji kuifuta. Apakue palen1x, ambayo ni Linux ndogo iliyobeba palera1n, aiandike kwenye flashi na kuwashia kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Usijaribu kuendesha Linux ndani ya Windows kama mashine pepe, kwa sababu mawasiliano ya USB hupita kwa mtu wa kati na zoezi hufa njiani.

Waya nao una maneno. Tumia wenye kichwa cha USB-A, ule mpana wa zamani, uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila kigawanyishi. Hii si imani ya kishirikina. Kifaa kikiwa kwenye hali ya DFU, yaani hali ya kupokea mfumo kwa waya kabla iOS haijawaka, chipu hutenga sehemu ya kumbukumbu ya kupokelea data kutoka USB. Uhamishaji ukikatizwa katikati, sehemu ile hurudishwa kwa matumizi mengine, lakini chipu husahau kufuta anwani yake ya zamani. Ikija data nyingine, chipu huiendea anwani ileile, na hapo checkm8 imeshapanga vitu vyake. Yote hutegemea kukatiza kwa wakati barabara, na wakati huo hutegemea kidhibiti cha USB cha kompyuta yako. Ndiyo maana kompyuta za mezani zenye prosesa za AMD hushindwa mara nyingi sana, na ndiyo maana jibu la kwanza kwa anayesema "imegoma" ni kubadilisha waya, kisha tundu, kisha kompyuta.

Maandalizi mengine ni ya kawaida: fanya bakapu kwenye kompyuta, chaji betri ishibe, na hakikisha unaikumbuka paswedi ya akaunti yako ya Apple. Hili la mwisho watu hulipuuza. Mambo yakiharibika ukalazimika kurejesha iOS upya, kifaa kitakuuliza paswedi hiyo kikiamka, na usipokuwa nayo utabaki na kioo cha mezani. Halafu ujue kwamba kurejesha hukupeleka kwenye iOS ya mwisho ambayo Apple bado wanaiidhinisha kwa kifaa hicho, si lazima ile uliyoanzia.

Ukishasakinisha palera1n kwa maelekezo ya tovuti yao, chomeka kifaa, kubali kuiamini kompyuta, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na uandike:

sudo palera1n -l

Ile -l inamaanisha jelibreki isiyogusa mzizi wa mfumo. Mafaili yake yote hukaa ndani ya /var/jb. Kuna -f pia, inayotumia nakala ya mfumo unayoweza kuichezea, lakini nakala hiyo hula gigabaiti 5 hadi 10. Kwa anayeanza sioni sababu ya -f. Twiki nyingi za sasa, yaani vile viprogramu vya kubadilisha tabia ya iOS, zimeshaandikwa kwa ajili ya -l.

Kifaa kitajipeleka chenyewe kwenye hali ya urejeshaji, utaona picha ya waya na kompyuta. Terminali itakuomba ubonyeze Enter ukiwa tayari kwa DFU. Usibonyeze bado. Weka kwanza kifaa mezani, kioo kikikutazama, na vidole viwe juu ya vitufe bila kukandamiza. Kwa iPhone 7 na iPod touch ya kizazi cha saba ni kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia. Kwa iPhone 6s na zilizotangulia ni kitufe cha duara kilicho chini ya kioo pamoja na cha kuwashia. Sasa bonyeza Enter kwa kidole kingine, au mwombe mtu akubonyezee.

Terminali itahesabu. Sekunde nne za mwanzo unashikilia vyote viwili na kioo kinazimika. Kisha unaachia cha kuwashia peke yake, na kile kingine unaendelea kukikandamiza kwa sekunde kumi. Wengi hukosea katika kuachia: kidole gumba kinapoinuka, cha pili nacho hulegea kidogo bila mwenyewe kujua. Mimi hukigeuza kiganja ili kidole cha sauti kiegemee kwa uzito wa mkono, si kwa nguvu ya kidole. Kikitokea kitufaha cha Apple, umechelewa kuachia au umeachia vyote. Ikitokea tena picha ya waya, uko kwenye hali ya urejeshaji, siyo DFU. DFU ya kweli ni kioo cheusi tii, hakionyeshi chochote, ukikitazama utadhani kimekufa. Ukikosea hakuna kilichoharibika, anza upya.

Ikifaulu, terminali itaandika Checkmate! na kifaa kitaanza kuwaka. Ukiwa na Mac yenye chipu ya M, huenda ukalazimika kuchomoa waya na kuuchomeka tena katikati ya zoezi ili liendelee. Likikwama kabisa, shikilia cha kuwashia na cha kupunguza sauti (au cha duara kwa zile za zamani) mpaka kitufaha kitokee, kisha rudia.

Kifaa kikiamka utakuta apu mpya ya palera1n. Ifungue ukiwa na intaneti, uchague Sileo au Zebra. Hizo ndizo duka lako sasa. Mimi natumia Sileo, kwa mazoea tu. Utaombwa uweke paswedi ya kuingilia kwenye mfumo. Weka paswedi ya maana. Miaka ya nyuma paswedi ilikuwa moja kwa iPhone zote duniani, alpine, na Novemba 2009 kirusi kiitwacho Ikee kikapita humo Australia, kikabadilisha picha ya kioo cha waathirika na kuweka ya mwimbaji Rick Astley. Hicho kilikuwa cha utani. Cha 2015, KeyRaider, hakikuwa na utani: kilijificha ndani ya twiki, kikaiba akaunti za Apple zaidi ya 225,000. Kwa hiyo vyanzo unavyoviongeza kwenye Sileo viwe vichache na vyenye jina, na twiki ya kulipia inayogawiwa bure mahali pasipojulikana iache hapohapo. Kwenye iPod yangu nimeingia kwa akaunti ya Apple isiyo na kadi ya benki. Apu za benki zenyewe nyingi hukataa kufunguka zikinusa jelibreki, na sioni kosa lao.

Unasakinisha nini? Mimi nina vitu vichache. Filza, ya kuzungukia mafaili kama kwenye kompyuta. Twiki ya kuongeza ngazi za sauti, kwa sababu iOS hukupa ngazi 16 tu, na mwenye kusikiliza usiku kwa vipokea sauti anajua ya kwanza ni kubwa na sifuri ni kimya. Na nyingine ya kuzima arifa zote zinazonikumbusha mambo nisiyoyahitaji kwenye chombo cha muziki. Sakinisha moja, itumie siku mbili tatu, ndipo uongeze nyingine. Ukiziweka kumi kwa mkupuo na kifaa kikaanza kujizima, hutajua mchawi ni yupi.

Jambo la kuzoea ni hili: ukikizima kifaa au chaji ikaisha, kitawaka kama kawaida, muziki utapiga, lakini jelibreki itakuwa imelala na twiki zimekufa. Kuiamsha unarudi kwenye kompyuta, amri ileile, DFU ileile. Vitu ulivyosakinisha utavikuta palepale. Twiki ikileta balaa, ongeza -s kwenye amri ili kifaa kiwake bila twiki yoyote, kisha uiondoe kupitia Sileo. Na ukichoka na yote:

sudo palera1n -l --force-revert

Unapita DFU mara ya mwisho, na kifaa kinarudi kilivyokuwa bila kupoteza nyimbo zako. Mwenye A11 asubiri kifaa kimalize kuwaka, ndipo arudishe namba ya siri.