Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Wenzi Kwenda Kupumzika Unguja Wakati wa Baridi

Wenzi wanaoishi Ulaya au Kanada, na wanaotamani wiki moja au mbili za jua katikati ya majira ya baridi, kwa kawaida huanza kupanga safari ya Unguja kwa kusaka tiketi ya bei nafuu, kisha hoteli yenye picha za kupendeza. Ingekuwa afadhali waanze na kalenda, kwa sababu bahari ya kisiwa hiki ina ratiba yake, na ratiba hiyo ndiyo itakayoamua kama wataogelea wakiamka au watakaa kibarazani wakitazama mchanga mtupu.

Kuanzia Disemba hadi Machi upepo unaovuma ni kaskazi. Januari na Februari ni miezi ya joto na ukavu, ambapo mchana hufika nyuzi 30 hadi 32, ilhali vuli inaweza kuchelewa ikagusa Disemba, na masika hubisha hodi kuanzia katikati ya Machi. Anayetaka uhakika wa jua achague siku kati ya katikati ya Januari na mwisho wa Februari, kipindi ambacho bei za vyumba, zinazopanda sana wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya, huwa zimeteremka kidogo. Mwenye kutaka kulala Mji Mkongwe mwezi wa Februari atazame kwanza tarehe za tamasha la muziki la Sauti za Busara, kwani siku hizo vyumba vya mjini huwahiwa mapema. Atazame pia Ramadhani, ambayo mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na mwaka 2028 mwishoni mwa Januari. Hoteli za ufukweni huendelea kuwahudumia wageni kama kawaida, lakini mjini migahawa mingi hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani ni kuwavunjia watu heshima. Hata hivyo nisingemkataza mtu kwenda mwezi huo, maana jioni za Ramadhani Mji Mkongwe, baada ya watu kufuturu, zina uchangamfu usiopatikana miezi mingine.

Jambo linalowashangaza wageni wengi ni kupwa kwa maji. Katika pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, mwamba wa matumbawe uko mbali na nchi kavu, na kati yake na ufukwe kuna bahari ya kina kifupi ambayo maji yakipwa hubaki uwanda wa mchanga, majani na vidimbwi. Siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita nne. Maji huondoka asubuhi, yakawa mbali kabisa mnamo saa nne, kisha hurudi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, wala hayaendi mbali sana yanapopwa. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takribani dakika 50. Kwa hiyo wenzi wanaopenda kuogelea asubuhi pwani ya mashariki wahesabu siku zao ziangukie maji mafu, na wanaopenda kutembea mpaka karibu na mwamba wachague bamvua. Watakaotembea huko wavae viatu vya majini, kwa sababu kwenye vidimbwi hujificha wanyama wadogo weusi wenye miiba mirefu inayovunjikia mguuni. Vilevile wajiepushe kukanyaga mashamba ya mwani ya akina mama wa Paje na Jambiani, yanayotambulikana kwa safu za vijiti vilivyochomekwa mchangani na kamba zilizofungwa vitawi vya mwani. Ni mazao ya mtu, hata kama hayana uzio.

Ambao hawataki hesabu hizi zote waende Kendwa au Nungwi, upande wa kaskazini-magharibi, ambako mtu anaweza kuogelea karibu saa yoyote na ambako jua huonekana likizama baharini. Gharama ya urahisi huo ni msongamano: muziki wa usiku, boti nyingi, na papasi, yaani vijana wanaotafuta wateja, watakaowasindikiza wageni ufukweni wakiuza safari za kisiwa kidogo cha Mnemba. Salamu nzuri ya Kiswahili na jibu moja la wazi kwa kawaida hutosha, lakini safari ya baharini ni heri ipangwe kupitia hoteli au kwa mwongozaji mwenye kitambulisho. Kwa maoni yangu, Jambiani huwafaa wenzi wanaotafuta utulivu, ilimradi wakubali kwamba kaskazi ikivuma kwa nguvu mchanga hupeperuka.

Kuhusu nyaraka, mwenye pasipoti ya nchi nyingi za Ulaya au ya Kanada huomba viza mtandaoni kwa dola 50, na mwenye ya Marekani hulipa dola 100. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje hutakiwa pia kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44, hata kama ana bima nyingine kutoka kwao. Yote mawili yafanywe kwenye tovuti rasmi, kwa kuwa zipo tovuti za mawakala zinazofanana nazo na kutoza zaidi. Wanaopitia Nairobi au Addis Ababa wahesabu muda wa kusubiri ndege, kwani anayekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye homa ya manjano hutakiwa kuonyesha cheti cha chanjo, na cheti hicho huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa.

Malaria inastahili maneno mengi zaidi, hasa kwa wenzi waliokulia Afrika Mashariki. Unguja ina malaria kidogo ikilinganishwa na maeneo mengi ya bara, lakini haijaisha, na ile kinga aliyoijenga mtu kwa kuumwa na mbu miaka yote ya utotoni hufifia akikaa nje muda mrefu. Msemo wa "mimi nimezaliwa huko" haumsaidii aliyeondoka miaka mingi iliyopita. Wenzi wamwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari, wajadiliane naye kuhusu dawa za kinga, na kama mmoja wao ni mjamzito au wanatarajia mimba, wamweleze mapema, kwa kuwa si kila dawa inafaa. Anayeandikiwa doksisaiklini ajue kwamba dawa hiyo huifanya ngozi iungue haraka juani, na jua la Unguja wakati wa kiangazi ni kali hata kwa mwenye ngozi nyeusi. Anayeelea kifudifudi akitazama samaki huungua mgongo bila kujijua, hivyo fulana ya mikono mirefu humlinda kuliko mafuta pekee.

Kisha kuna suala la ndugu, ambalo wapangaji wa safari wa Kizungu hawaliandiki. Wenzi wenye jamaa Dar es Salaam au Tanga wakitangaza kwamba wanakuja Unguja, mapumziko yao yatageuka ziara ya kuamkia wakubwa, kupeleka zawadi na kueleza kwa nini hawakufika kwa shangazi. Kujificha si jibu, kwa sababu picha moja ya simu itawaumbua. Inafaa wakubaliane wakiwa bado nyumbani: siku mbili za mwanzo au za mwisho ziwe za familia, zawadi zinunuliwe na kugawanywa siku hizo, na siku za ufukweni zitajwe waziwazi kuwa zao wawili. Anayetoka upande wa familia ndiye awaambie wazazi wake, asimwachie mkwe kazi hiyo. Kiasi cha fedha kitakachotolewa kwa jamaa nacho kipangwe mapema, kisije kikawa ugomvi hotelini.

Kwenye begi la mkononi ziwekwe dawa, nguo nyepesi za siku moja na koti la baridi, ambalo litahitajika tena siku ya kurudi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar na Tanzania Bara pia, kwa hiyo ile ya madukani iachwe. Soketi ni za pini tatu kama za Uingereza na umeme ni wa volti 230, hivyo mashine ya kukaushia nywele iliyoundwa kwa umeme mdogo wa Kanada pekee itaungua hata ikiwekewa adapta. Nguo za kufunika mabega na magoti ni za lazima kwa Mji Mkongwe na vijijini. Shilingi taslimu zitolewe mjini au uwanja wa ndege, kwa kuwa mashine za fedha ni chache huko ufukweni.

Nyumba inayoachwa kwenye theluji isizimwe joto kabisa, kwani maji yakiganda bombani hupasua bomba. Ni vyema kufunga valvu kuu ya maji na kusoma bima ya nyumba inasemaje kuhusu nyumba isiyokaliwa na mtu.

Aliyezamia kwa mitungi ya hewa mara kadhaa asipande ndege kabla ya saa 18 kupita, kwa hiyo siku ya mwisho ibaki ya nchi kavu. Dawa za malaria ziendelee baada ya kurudi kwa muda ulioandikwa, siku saba au wiki nne kutegemea aina. Na homa yoyote itakayotokea katika miezi mitatu inayofuata isichukuliwe kuwa mafua ya baridi. Mgonjwa aende hospitali siku hiyohiyo, amwambie daktari kwamba alikuwa Zanzibar, na aombe waziwazi kipimo cha malaria.